CNC 3018: duara linatoka kama yai na mnyororo hauungani, nianzie wapi wakuu?

fundi_bandarini

Wakuu habari za jioni. Niko Tanga, nina mashine ndogo ya CNC, yaani ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, aina ya 3018, ile ya meza ya sentimita 30 kwa 18, nimekaa nayo mwaka na nusu. Kazi yangu ni vifuniko vya visanduku vya mninga, nachonga nakshi za mnyororo na yungiyungi kama zile za milango ya Zanzibar, pia vibao vya majina. Mwanzoni ilikua inatoa kazi safi sana ila tangu mvua za masika naona inaharibika kidogo kidogo na sasa imefika mahali naogopa kupokea oda.

Shida ziko tatu. Ya kwanza, duara linatoka kama yai. Nikichonga duara la milimita 40 nikalipima na venia kwa upana yaani upande wa X napata 40 au 39.9, kwa urefu yaani upande wa Y napata 39.6, na ukiliangalia kwa karibu pale juu kabisa na chini kabisa pamekua bapa kama mtu kapitisha msasa. Ya pili ndo inayoniuma zaidi, mnyororo unaozunguka kifuniko hauungani. Unaanzia kona ya kushoto unazunguka vizuri, ukirudi pale ulipoanzia pete ya mwisho inapishana na ya kwanza karibu nusu milimita, na kwenye mninga huwezi kuficha kitu kama hicho. Ya tatu kina hakilingani, kushoto biti, yaani kisu cha kuchongea, inazama vizuri, kulia inakwaruza tu.

Nimesafisha vumbi lote, nimepulizia WD-40 kila sehemu, bado. Jamaa mmoja kaniambia nibadilishe namba ya $101 kwenye setingi za GRBL, programu inayoendesha mashine, mpaka duara likae sawa, mwingine anasema mashine imechoka ninunue spindo, ile mota inayozungusha biti, ya wati 500 na bodi mpya. Hela niliyonayo inatosha kitu kimoja tu. Nisaidieni nijue nianzie wapi.

Kerezo_Arusha

Mkuu pole sana. Hiyo hela iache mfukoni kwanza, na hiyo $101 nakuomba usiiguse kabisa kwa sasa, maana ukiigusa utaficha ugonjwa alafu utahangaika miezi.

Angalia hesabu yake. Mota inapiga hatua 200 kwa mzunguko mmoja, dereva, ile chip inayoendesha mota, inagawanya kila hatua mara 16 unapata 3200, skrubu ndefu ya hizi mashine ikizunguka mara moja meza inasogea milimita 4, kwa hiyo 3200 gawa kwa 4 ni 800. Ndo ile 800, hatua kwa milimita moja, unayoiona kwenye $100, $101 na $102 za X, Y na Z. Hesabu hiyo haichakai na mvua haiibadilishi. Kama mwaka jana 800 ilikua inakupa duara zuri basi leo kilichobadilika ni chuma, nati au skrubu fulani imelegea.

Ila usiniamini mimi, pima. Chonga miraba mitatu, wa milimita 20, wa 40 na wa 80, alafu pima upande wa Y kwenye yote. Ikiwa pungufu ni ile ile kote, mfano 19.6, 39.6 na 79.6, basi meza inacheza, kuna nafasi inayoliwa kila Y inapogeuza mwelekeo. Ikiwa pungufu inakua kadri mraba unavyokua, mfano 19.8, 39.6, 79.2, hapo ndo tutazungumza habari za namba. Mi dau langu naweka kwenye kucheza, na sababu ni hizo bapa zako za juu na chini. Pale ndo Y inageuka, mota inazunguka lakini meza haijaanza kutembea, huku X inaendelea na safari yake, kwa hiyo biti inachora mstari ulionyooka badala ya kupinda.

Kuna kipimo kingine hakina gharama. Paka kipande cha bati maka pen nyeusi, kibane mezani, spindo izime, funga biti ile ya V iguse tu rangi. Peleka Y40 kisha Y50, sogeza X kidogo ichore mstari mfupi. Inua, nenda Y60, rudi Y50, shusha uendeleze mstari ule ule. Kama mistari miwili haikutani, umbali kati yake ndo mchezo wa mhimili wako. Fanya na X hivo hivo.

Ukishajua kiasi ndo utafute wapi. Mi huwa nawasha mashine ili mota zishike, alafu nashika meza kwa mikono miwili naivuta na kuisukuma taratibu huku jicho liko kwenye kapulingi, ile ya aluminiamu inayounganisha mota na skrubu ndefu. Ikiwa inafunguka na kufunga kama kinanda cha mkono basi skrubu ndefu yenyewe inatembea mbele na nyuma, kaza beringi ya mwisho. Ikiwa kapulingi imetulia lakini meza inasogea, hapo ni nati ya shaba, ile inayopitiwa na skrubu ndefu. Na kabla ya yote hayo chukua alenki ndogo ukaze zile skrubu ndogo za kapulingi, zote, pande zote mbili. Visa vingi nilivyokutana navyo viliishia pale.

La mnyororo kutoungana linaweza kua ugonjwa tofauti. Kucheza hakujumlishi, mashine inakosea kila ikigeuka lakini ikirudi sifuri inarudi pale pale. Mota ikiruka hatua au kapulingi ikiteleza kosa linabaki na linaongezeka. Kwa hiyo kazi ikiisha irudishe X0 Y0 uangalie biti imesimama juu ya alama yako ya kuanzia au imehama. Ukituletea jibu la hilo tutakua tumeokoa nusu ya safari.

Mwisho WD-40. Inafaa kutoa kutu na uchafu, ila inaosha na grisi iliyokua ndani ya beringi. Futa yote, alafu nunua kichupa cha oili ya cherehani, matone machache kwenye zile fimbo na kwenye skrubu ndefu, sogeza meza mwanzo mpaka mwisho mara kadhaa, futa inayozidi. Ukijaza grisi nzito vumbi la mbao linaganda linakua kama ugoro.

Mama_Nakshi

Salaam ndugu yangu wa Tanga, mimi niko Mombasa, nachonga vibao vya milango na masanduku ya zawadi, bahari ndiyo jirani yetu sote kwa hivyo shida zako nazijua. Kaka wa Arusha amesema vizuri kuhusu Y, mimi nakupa la kina.

Wewe mwenyewe umesema ilianza masika. Ubao wa MDF (wa unga wa mbao ulioshindiliwa) ulio juu ya meza yako unakunywa unyevu na unavimba, na hauvimbi sawasawa. Mimi wangu ulivimba upande wa dirishani hadi nikaweza kuupapasa kwa kiganja nikausikia. Lakini usikimbilie kuuranda, kwanza hakikisha spindo imesimama wima, maana ukiranda na spindo iliyoinama utapata meza yenye ngazi ngazi kama paa la bati.

Zima umeme wa mashine. Chukua waya wa henga, ukunje kama herufi Z, mkono mmoja ubane kwenye koleti, kile kibanio cha biti, na ncha ya pili ishuke hadi iguse karatasi juu ya kioo kidogo. Kioo ni muhimu, MDF iliyovimba itakudanganya. Zungusha spindo kwa mkono taratibu. Ikiwa ncha inabana karatasi kushoto, na kulia inaning'inia, basi spindo imeinama. Legeza kishikio chake, mimi nilikata vipande vya mkebe wa soda nikaviweka nyuma ya kishikio, mkebe ni mwembamba kama moja ya kumi ya milimita hivi, kimoja kimoja hadi karatasi ikawa inakwaruzwa sawa pande zote nne. Ilinichukua mchana mzima na ilifaa.

Baada ya hapo ndio uranda ubao na biti pana, kina kidogo sana, 0.3 kwa mpito, hadi uso wote uwe umeguswa. Kisha vanishi juu, chini na kwenye kingo, kingo ndizo zinazokunywa maji zaidi na watu huzisahau. Na usiku funika mashine kwa kitambaa cha pamba, sio nailoni, nailoni inatoa jasho ndani na asubuhi utakuta fimbo zimeota madoa ya kutu.

Na vumbi la mninga usilivute hata kidogo, linasumbua pua na kifua. Vaa barakoa kila siku, hata kwa kazi ya dakika tano.

fundi_bandarini

Wakuu asanteni sana, nimekaa nayo siku mbili naleta majibu.

Miraba ilitoka 19.6, 39.6 na 79.6, nikashangaa imekua vile vile alivyosema Kerezo. Nikafanya na ile ya maka pen, mistari ya Y imepishana 0.4, ya X imepishana kidogo sana venia haipimi vizuri. Nikachukua alenki. Kapulingi ya Y upande wa mota kuna skrubu ndogo moja niliizungusha karibu nusu mzunguko kabla haijashika kitu chochote! Yani mwaka na nusu sijawahi kuigusa. Nilipoichomoa nikakuta kwenye shafti ya mota kuna alama inayong'aa, skrubu ilikua inateleza pale. Nimepiga tupa kidogo pale kwenye shafti pawe bapa, huku nimefunika mota na kitambaa kisiingie chenga, nikaikaza pale. Mistari ikashuka kutoka 0.4 mpaka 0.15.

Nikaenda kwenye nati za shaba. Ziko mbili na springi katikati, nikachomoa skrubu ndefu nikakuta springi imelegea haisukumi tena, nati ya pili inazunguka tu. Nikaibana kwa kidole nikarudisha skrubu ndefu huku springi imekandamizwa. Sasa hivi nahisi ni 0.05 au chini ya hapo.

Dada wa Mombasa, spindo ilikua imeinama kweli, kushoto. Vipande vitatu vya mkebe. Ubao nimeuranda na vanishi inakauka.

Ila mnyororo bado! Mara ya kwanza uliungana nikafurahi, mara ya pili kwenye dakika kama ya 40 X imehama karibu milimita nzima na ilipomaliza nikairudisha sifuri ikasimama pembeni ya alama. Kwa hiyo ni ule ugonjwa mwingine aliousema Kerezo.

solda_254

Niaje fundi, Nairobi hapa, mi natumia 3018 kuchonga bodi za saketi so kupoteza hatua nimeteseka nayo sana.

Dakika ya 40 inaniambia vitu viwili, joto ama mahali fulani panabana. Anza na joto. Gusa hizo madereva, zile chip ndogo zenye kapoza joto juu, baada ya nusu saa ya kazi. Zikiwa moto hadi kidole hakikai, zinajizima kidogo kujikinga alafu zinarudi na wakati huo X imeshapotea. Feni ndogo ya kompyuta ikipulizia bodi inamaliza hiyo shida. Usikimbilie kuongeza mkondo wa umeme kwenye kile kiskrubu cha dereva, watu wengi wanafanya hivo na wanazidisha joto.

Kupima kubana, zima umeme, legeza kapulingi ya X, alafu zungusha skrubu ndefu na vidole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Inafaa iwe laini njia yote. Ikianza kua ngumu ukikaribia upande mmoja basi kile kishikio cha nati hakiko sawa na skrubu. Legeza bolti zake, peleka gari la spindo hadi pale panapobana, ndo ukaze ukiwa pale pale. Rudia upande wa pili.

Pia punguza $120, hiyo ni mwendo wa kuongeza kasi upande wa X. Kwa nakshi za pete pete mashine inaanza na kusimama mara elfu, ukipunguza hapo kazi inachelewa dakika chache lakini mota haishtuki.

Na moja hujauliza lakini itakupata: ukitumia mashine ya kuvuta vumbi kwenye ekstensheni moja na CNC, laptopu inaweza kukata mawasiliano katikati ya kazi. Weka soketi tofauti, waya wa USB uwe mfupi na wenye ile pingili nyeusi ya feraiti, na kapasita ya 0.1 maikrofaradi kwenye miguu miwili ya mota ya spindo. Laptopu iambie isilale. Ukipata pesa kidogo nunua kile kidude cha kuendesha kutoka kwa memori kadi, unaachana na laptopu kabisa.

Mzee_wa_Randa

Vijana mmesema vizuri. Mimi niko Morogoro, nimefanya kazi ya mbao miaka mingi kabla ya hizi mashine. Kijana wa Tanga, kuhusu spindo ya wati 500 nakusihi usinunue sasa. Ile ina kipenyo cha milimita 52, kishikio chako hakiipokei, na ni nzito. Mhimili wa Z, ule wa kupanda na kushuka, wa mashine yako umeshikwa na plastiki ngumu, ukiutundikia uzito ule utainama na utaanza upya kazi ya mikebe ya soda.

Tazama biti yako kwanza. Mninga una nyuzi zinazopishana, biti butu inausukuma mti badala ya kuukata, na hapo ndipo mota inaporuka hatua. Shika biti juani uangalie ncha kwa kioo cha kukuzia, ukiona makali yanameta kama mstari mweupe basi yamekwisha. Biti mpya ni rahisi mara kumi kuliko bodi mpya. Safisha na koleti, itoe kabisa uisugue ndani kwa mswaki, chembe moja ya vumbi mle inafanya biti izunguke kama mlevi na itakata njia pana kuliko ulivyotaka. Kina chako usizidishe nusu milimita kwa mpito.

Jambo la mwisho, kwenye programu ya kuchora njia kuna uchaguzi wa upande wa kukatia. Mashine inayocheza hata kidogo isikate kwa kufuatana na mzunguko wa biti, itavutwa mbele. Chagua ule upande wa kukinzana. Ukingo utahitaji msasa zaidi lakini vipimo vitakaa.

Hizo nati za shaba na springi mimi ningezitupa, ningeweka za plastiki nyeupe ya POM zinazobanwa na skrubu.

Kerezo_Arusha

Mzee shikamoo. Nakubali yote isipokua hilo la nati. Za POM ni nzuri ila ukizibana zaidi kidogo tu zinaongeza ugumu, na huyu ndugu tayari mota yake inaruka hatua. Springi yake inafanya kazi sasa, 0.05 kwa nakshi za mninga inatosha. Aziache mpaka shaba ichakae ndo abadilishe.

Alafu fundi, ukitulia weka swichi za mwisho, zile zinazoguswa mhimili ukifika ukingoni, na uwashe $22. Umeme ukikatika katikati ya kazi mashine inasahau iko wapi, lakini ukiwa na swichi inatafuta nyumbani kwake yenyewe, na sifuri yako ya G54, yaani pale kazi inapoanzia, inabaki kwenye kumbukumbu ya bodi, unaendelea kwenye kifuniko kile kile. Usihifadhi sifuri kwa amri ya G92, hiyo inafutika.

Mzee_wa_Randa

Marahaba mwanangu. Kwa hilo la ugumu una haki, aziache.

fundi_bandarini

Mzee shikamoo, na wote asanteni.

Ilikua inabana. Skrubu ndefu ya X laini njia yote, ikifika sentimita kama tano kabla ya mwisho wa kulia inakua ngumu mpaka vidole vinateleza. Nikalegeza bolti nne, nikapeleka gari la spindo pale pale, nikasikia kabisa kile kishikio cha nati kinajisogeza chenyewe, nikakaza. Sasa inazunguka kwa vidole viwili mwanzo mpaka mwisho. Biti niliyokua natumia ilikua imekufa kweli, ncha nyeupe, nimefunga mpya. Feni nimeitoa kwenye kompyuta mbovu nimeifunga juu ya bodi kwa zipu tai.

$101 bado ni 800. Duara la 40 limetoka 39.97 kwa 39.95.

Jana usiku nimechonga kifuniko kizima, saa moja na dakika kumi. Mnyororo umeungana. Nimepitisha ukucha pale kwenye pete ya kwanza na ya mwisho sijausikia mpaka. Swichi za mwisho nitanunua wiki ijayo na hela ile ile.